Miguu ya Kukunja, Si Gia

Katika orodha moja ya istilahi za usafiri wa anga, iliyotolewa na kamati ambayo adabu inanizuia kuitaja, nimekuta "gia ya kutua inayorejesheka". Kijana anayetengeneza ndege za rimoti akisoma hivyo atadhani ndege ina giaboksi, na kwamba ikimchosha anaweza kuirudisha dukani kama chupa ya soda. Msomaji wa Tanzania, aliyezoea kusikia wanasiasa wakisutwa kwa "kubadili gia angani", atacheka kabla hajaelewa.

Kosa limeanzia kwenye gia. Neno la Kiingereza lililotupa gia limetoka katika Kinorse cha kale, na maana yake ya awali ni mavazi na vifaa. Magurudumu yenye meno yalikuja baadaye sana. Wanapotaja miguu ya ndege, Waingereza wamebaki na ile maana kongwe ya vifaa. Sisi tuliazima ile nyingine, ya dereva na klachi. Kamati, basi, imetafsiri sauti ikaacha maana. Kurejesha nako ni kumpa mtu kilicho chake: deni, amana, heshima. Mguu haurejeshwi.

Napendekeza, kama nilivyokwisha kupendekeza katika barua ambayo hadi leo haijajibiwa, miguu ya kukunja. Tuna kiti cha kukunja na kitanda cha kukunja, wala hakuna aliyewahi kuomba ufafanuzi. Tena Kiswahili kina ile -u- itenguayo kitendo: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Ndege ikishapaa unakunja, ikikaribia kutua unakunjua. Swichi ni moja, vitenzi ni ndugu. Kutokana na kunjua tumepata pia moyo mkunjufu, sifa ambayo sijabahatika kuiona katika vikao vya istilahi.

Na kwa nini miguu? Lugha ilikwisha kuamua siku ilipokiita chombo hiki ndege. Kina mabawa, mkia, pua na tumbo, na bawa la balsa lina mbavu. Sasa aliyepewa viungo vyote hivyo anyimwe miguu kwa kosa gani? Mpinzani wangu mmoja, msomi kwelikweli japo kusikiliza kunamshinda, hupenda kunikumbusha kwamba korongo akiruka hakunji miguu, huinyoosha nyuma. Kwa hiyo anataka iitwe "miguu ya kurudi nyuma". Lakini ndege ya Dayton-Wright RB-1, iliyoshiriki mashindano ya Gordon Bennett huko Ufaransa mwaka 1920, iliingiza magurudumu yake ubavuni. Kati ya ndege za kivita, Spitfire ilikunja miguu yake mikubwa kuelekea ncha za mabawa, Hurricane ikakunja kuelekea tumboni. Huo unyuma uko wapi?

Kuhusu kazi yenyewe ya kufunga miguu hiyo kwenye ndege ya rimoti, kwa haraka. Ndege ya mwanafunzi yenye bawa la juu kwa kawaida hubeba miguu tumboni, ambako nafasi ni finyu. Anayetaka kukunja achague ya bawa la chini. Toboa bawa nafasi ya gurudumu, gandisha vibao vya plaiwudi kwenye mbavu kwa epoksi, kisha ndipo ufunge kikunjio cha umeme kwa skrubu. Usikifunge kwenye balsa tupu, maana kishindo chote cha kutua huishia hapo. Iweke ndege juu ya stendi, kunja na kunjua mpaka uhakikishe gurudumu haligusi popote na mguu unajifunga sawasawa pande zote mbili. Mguu wa pua aghalabu hukunjwa kwenda nyuma, na kwa huo mmoja mpinzani wangu ana ruhusa ya kufurahi. Uzito nao husogea nyuma pamoja nao, kwa hiyo ndege isawazishwe miguu ikiwa imekunjwa.