Kutoka Simbi hadi Shilingi: Historia ya Fedha Mikononi mwa Watoto Wetu



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu wazazi na wanafunzi, hapa kwetu Kasubi mtoto mdogo akitumwa dukani hurudi amekunja ngumi. Ukimwuliza chenji ni ngapi, hajui, anakufungulia kiganja tu. Mwanafunzi wangu mmoja alirudi nyumbani na sarafu pungufu, akachapwa kwa kudhaniwa amenunua pipi. Baadaye ikabainika kuwa mwenye duka ndiye aliyekosea. Mtoto alikuwa mkweli, ila hakuwa na njia ya kuuthibitisha ukweli wake. Tangu siku ile niliamua kufundisha sarafu darasani, nikaanza na historia.

Wazee wa Buganda walinunua na kuuza kwa simbi, yaani kauri. Mpaka leo Kiganda huita fedha "ensimbi". Kauri hizo hazikutoka katika ziwa letu. Zilitoka Bahari ya Hindi, zikabebwa na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani kupitia Tabora na Karagwe. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea dini. Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suuna II mwaka 1844 na kumsomea Qur'an. Mwanawe Suuna, Kabaka Muteesa I, ambaye amezikwa hapa hapa Kasubi, alifunga Ramadhani kwa miaka kama kumi kuanzia 1867.

Simbi zilitobolewa na kutungwa kwenye uzi mia mia. Mtu alihesabu mitungo badala ya kuhesabu moja moja. Kisha ukaja Mkataba wa Buganda wa 1900, ulioweka kodi ya nyumba ya rupia 3 kwa mwaka. Kodi ilipodaiwa kwa rupia, simbi zikaanza kupoteza nguvu. Mwaka 1920 rupia ikaondolewa, ikaja florini, na muda mfupi baadaye shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100. Senti 1, 5 na 10 zilikuwa na tundu katikati, kwa hiyo ziliweza kutungwa kwenye uzi kama simbi za zamani.

Benki Kuu ya Uganda ilifunguliwa mwaka 1966 na nchi ikapata shilingi yake. Mwaka 1987 sifuri mbili zilikatwa: shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na serikali ikatoza asilimia 30 katika ubadilishaji. Wanafunzi wakubwa huwapa hesabu hii: aliyekuwa na 10,000 alibaki na ngapi? Jibu ni 70. Hapo ndipo huelewa kwa nini wazee husikitika wakiukumbuka mwaka ule.

Sasa tuje kwenye michezo, ambayo hata nyumbani mnaweza kuifanya.

Kwanza, mitungo. Toboeni vizibo vya soda kwa msumari na mlainishe kingo zake, watoto watunge kumi kumi. Mitungo kumi ni mia. Mtoto anaishika mia kwa mkono wake.

Pili, duka. Tumieni sarafu za kweli za shilingi 50, 100, 200 na 500. Muuzaji anaihesabu chenji kwa sauti akiiweka kiganjani mwa mnunuzi, na mnunuzi anaihesabu tena kabla ya kuondoka. Kila mmoja apate zamu ya kuuza, ili ajue uzito wa amana pande zote mbili.

Tatu, omweso, mchezo wetu wenye mashimo 32 na kete 64. Kugawa kete moja moja kunafundisha vidole kuhesabu. Lakini tahadhari: pasiwekwe dau hata la karanga, maana kamari huanzia hapo.

Ndugu zangu, hili si jambo la hesabu tupu. Katika Suratul Kahf tunasoma kuwa vijana wa pangoni walimtuma mwenzao mjini na fedha yao akatafute chakula kilicho safi, wakamwusia awe mwangalifu. Na Suratul Mutaffifin inawaonya wale wanaotaka haki yao kamili lakini wanawapunja wengine. Mtoto asiyejua kuhesabu hawezi kujikinga na kupunjwa, wala hawezi kujua kama yeye mwenyewe amempunja mwenziwe.

Yule mtoto wangu siku hizi haondoki dirishani kwa mwenye duka kabla ya kuhesabu. Majuzi alizidishiwa shilingi 200, akazirudisha. Nyumbani hakuna aliyemtuma kufanya hivyo.

Allah atujaalie watoto waaminifu, na atusamehe pale tulipowaadhibu bila ya kuhakikisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.