Rido, sindano na mashini: historia ya kazi ambayo mafundi waliiogopa

Mwezi wa kwanza mwaka 1831, mafundi wa kushona wapatao 200 walivamia karakana moja mjini Paris, Ufaransa, wakavunja mashini walizozikuta humo. Zilikuwa 80, zimetengenezwa kwa mbao, na kazi yake ilikuwa kushona sare za askari. Aliyezibuni, Barthélemy Thimonnier, alilazimika kukimbia. Hakuwa tajiri wala injinia. Alikuwa fundi wa kushona kama wale waliomvamia.

Kisa hicho kina karibu miaka 200, lakini swali lililowakasirisha mafundi wale halijazeeka: mashini ikishona, fundi atakula nini? Leo linaulizwa tena, kwa sababu kuna viwanda ambamo rido za madirisha zinapimwa, zinakatwa na kushonwa pindo huku mtu akisimama pembeni tu kuangalia. Katika miji ya mashariki ya Congo, ambako mama aliyekimbia kijiji chake mara nyingi hufundishwa kushona ili alishe watoto, jibu la swali hilo linagusa sufuria ya jioni.

Fundi aliyevunjiwa mashini

Thimonnier alipata hati ya haki ya uvumbuzi wake mwaka 1830. Mashini yake ilitumia sindano yenye ndoano na uzi mmoja tu, ikashona kama mnyororo. Ilikuwa na kasi kuliko mkono wa mtu, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mafundi wa Paris walilipwa kwa mkono wao. Mashini zile 80 hazikuwa zao, zilikuwa mali ya karakana moja, na karakana hiyo ndiyo ilikuwa na kazi ya jeshi. Hakuna aliyewaambia watapata nafasi gani baadaye. Thimonnier alirudi kwao Amplepuis, akaendelea kujaribu kwa miaka mingi, akafa maskini mwaka 1857.

Hofu hiyo hiyo ilifika Marekani. Miaka ya 1830, Walter Hunt wa New York alitengeneza mashini iliyotumia nyuzi mbili, lakini hakuiombea hati. Husimuliwa kwamba binti yake alimwonya: wanawake wanaoishi kwa sindano watabaki bila kazi.

Siri ya tundu la sindano

Mwaka 1846, Mmarekani mwingine, Elias Howe, alipata hati ya mashini inayofanana na zile zinazotumika hadi leo. Siri yake iko katika sindano. Sindano ya mkono ina tundu nyuma, lakini ya mashini ina tundu karibu na ncha. Inapoingia katika kitambaa na kuanza kurudi, inaacha kitanzi cha uzi chini. Uzi wa pili, unaotoka chini ya kitambaa, unapita ndani ya kitanzi hicho, na nyuzi mbili zinakazana. Kwa hiyo hata uzi ukikatika mahali pamoja, mshono wote haufumuki.

Howe aliishindanisha mashini yake na washonaji watano wa mkono huko Boston, akawashinda. Hata hivyo watu hawakuinunua. Bei ilikuwa dola 300, pesa ambazo mshonaji wa kawaida hakuweza kuziota. Howe akaenda Uingereza kutafuta bahati, akarudi bila kitu.

Aliyeifungulia mashini njia ni Isaac Singer. Mwaka 1851 alipata hati ya mashini yenye sindano ya kusimama wima, kitambaa kikilala mezani na kukandamizwa na mguu mdogo wa chuma. Mshonaji aliiendesha kwa pedali, mikono yake ikabaki huru kuongoza kitambaa. Howe alimshitaki Singer kwa kutumia uvumbuzi wake, akashinda mwaka 1854. Miaka miwili baadaye, wenye hati kubwa waliacha kugombana mahakamani, wakakubaliana kugawana malipo ya hati zao.

Mwaka huo huo wa 1856, kampuni ya Singer ilianza kuuza mashini kwa kulipa kidogo kidogo. Mnunuzi alitoa pesa kidogo kwanza, akachukua mashini nyumbani, kisha akalipa kila mwezi hadi amalize. Hapo ndipo mashini ilipotoka karakana za matajiri na kuingia nyumba za watu wadogo.

Faida ilionekana, na uchungu pia. Kwa hesabu za watengenezaji wa miaka ya 1860, shati la mwanaume lililochukua saa 14 kwa mkono lilimalizika kwa saa 1 na robo hivi. Nguo zikawa rahisi, watu wakanunua zaidi, na washonaji hawakuisha. Lakini malipo kwa kila nguo yalishuka, na wengi waliishia katika karakana zilizojaa watu, wakifanya kazi tangu alfajiri hadi usiku. Aliyekuwa na mashini yake mwenyewe alikuwa na nafuu kidogo: angalau aliweza kuchagua kazi na kubaki karibu na watoto.

Kwa nini rido imetangulia shati

Kusokota uzi na kufuma kitambaa vilishika njia ya mashini mapema kuliko kushona. Mwaka 1804 Mfaransa Joseph Jacquard alikuwa tayari ana kitanda cha kufumia kilichoongozwa na kadi zenye matundu kutoa maua na michoro. Kwa nini basi kushona kumechelewa namna hii?

Sababu ni kwamba kitambaa ni laini. Chuma ukikishika upande mmoja, upande wa pili unafuata. Kitambaa hukunjika, huvutika, huteleza na kujipinda. Mkono wa fundi husikia mambo hayo na kuyarekebisha kabla hata hajafikiri. Mashini haisikii. Miaka ya 1980 serikali ya Japani iligharimia utafiti mkubwa wa kushona nguo bila mikono ya watu, lakini viwanda vya nguo duniani bado vimejaa washonaji. Huko Atlanta, Marekani, kampuni ya SoftWear Automation imetumia kamera zinazofuata nyuzi za kitambaa ili kompyuta ijue kimesogea wapi. Mwaka 2015 mvumbuzi mwingine wa Marekani, Jonathan Zornow, alionyesha njia tofauti: kukikausha kitambaa kwa dawa mpaka kiwe kigumu kama karatasi, roboti ikishone, kisha dawa iyeyuke katika maji.

Lakini shati lina mikono, kola na mabega. Rido ni kipande cha pembe nne. Mishono yake ni mirefu na imenyooka. Ndiyo maana rido, mashuka na taulo zimeingia katika mashini zinazojiendesha kabla ya nguo za kuvaa. Kitambaa kinatoka katika roli kubwa, kifaa kinakunja ukingo, sindano inashona bila kusimama, kisu kinakata kwa kipimo kilichoandikwa katika kompyuta. Mtu mmoja anaweza kuangalia kazi ambayo zamani ilihitaji mafundi kadhaa.

Kuna pazia ambalo karibu halihitaji sindano kabisa: lile la kuviringishwa juu ya dirisha. Mwaka 1864 Stewart Hartshorn wa Marekani alipata hati ya mti wa pazia wenye springi ndani, unaolivuta juu na kulishikilia pale mtu anapotaka. Leo mengi ya mapazia hayo hukatwa kwa mashini, na pindo zake kubandikwa kwa gundi au kuunganishwa kwa joto.

Kinachobaki kwa fundi

Historia hii haisemi kwamba kila kitu kitakuwa sawa. Fundi aliyetegemea kushona rido mia moja za kipimo kimoja kwa ajili ya hoteli hawezi kushindana na kiwanda. Kazi ya kurudia mshono mmoja ulionyooka ndiyo inayochukuliwa kwanza. Anayefundishwa kushona leo akifundishwa pindo tu, amefundishwa sehemu ambayo mashini inaijua zaidi.

Lakini historia inaonyesha pia jambo ambalo mafundi wa Paris hawakupata nafasi ya kuliona. Kitu kile kile kilichowaogopesha mwaka 1831, miaka 25 baadaye kilikuwa kinanunuliwa na watu wa kazi yao. Sindano ilikuwa bado sindano. Kilichobadilika ni mwenye mashini. Kwa kikundi cha akina mama, jambo la kwanza kuuliza ni mashini zitakuwa za nani siku mafunzo yanapoisha: za ofisi, au za wale waliozijifunza?

Kuna pia kazi ambayo haijaingia kompyuta. Kichwa cha mashini ya mkono kinaweza kufungwa katika kikwembe na kubebwa njiani, meza ya chuma ikabaki nyuma, na kikafanya kazi mahali pasipo na umeme. Madirisha ya nyumba za mbao hayalingani. Familia tatu zinazolala katika chumba kimoja zinahitaji kitambaa cha kugawanya, na hakuna kiwanda kinachojua upana wa chumba hicho. Sare ya mwanafunzi inahitaji kupunguzwa kwa mdogo wake. Hata rido ya kiwandani, ikifika sokoni ndefu kuliko dirisha, anayetafutwa ni yule mwenye mkasi, kipimo shingoni na mashini ya pedali kwenye veranda.