Risasi katika Hori la Ng'ombe

Msomaji, ukishuka garini katika Barabara ya Outer Ring, upande wa mashariki wa Nairobi, ukaingia mtaa wa Pipeline, utajiona kama mtu apitaye katika bonde jembamba baina ya majabali. Nyumba za ghorofa saba, nane na zaidi zimesimama bega kwa bega, hata jua la adhuhuri hupata taabu kufika chini. Jina la mtaa huu halikutokana na mtu wala na mto. Lilitokana na bomba la mafuta. Kampuni ya bomba hilo iliundwa mwaka 1973, na mwaka 1978 mafuta yakaanza kusukumwa kutoka Mombasa hadi Nairobi, mwendo wa kilomita 450 hivi. Nataka nikusimulie habari za kitu kimoja kilichosafiri ndani ya bomba hilo pamoja na petroli, wala hakuna aliyekitaja, nacho kikatoka humo kikafika hata katika hori la ng'ombe.

Kitu hicho ni risasi. Lugha yetu imeyapa jina moja madini haya laini, mazito, na kile kipande kitokacho katika mtutu wa bunduki. Wala sidhani kwamba waliolitumia jina hilo walikosea. Mwaka 1921, huko Marekani, fundi aitwaye Thomas Midgley aligundua kuwa dawa iliyotengenezwa kwa risasi, ikitiwa katika petroli kwa kiasi kidogo, huizuia injini isigonge. Ilikuwa rahisi, na faida yake ilikuwa kubwa. Mwaka 1924 wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha dawa hiyo katika New Jersey walirukwa na akili, na watano kati yao wakafa. Basi, msomaji, usiambiwe kwamba hatari haikujulikana. Ilijulikana mapema, lakini dawa ile iliendelea kuuzwa dunia nzima kwa miaka mingi.

Kenya nayo iliinunua. Magari yalipochoma petroli hiyo, risasi ilitoka katika moshi kama vumbi jembamba mno. Vumbi hilo halikwenda lote mbali. Sehemu yake ilianguka kando ya barabara, hatua chache tu kutoka kwenye lami. Hapo ndipo majani yalipoota, na hapo ndipo mfugaji wa mjini alipokata majani.

Usishangae nikisema mfugaji wa mjini. Katika Eastlands watu wamefuga tangu zamani: ng'ombe wawili watatu nyuma ya nyumba, mbuzi waokotao maganda sokoni, nguruwe, na kuku wasiohesabika. Mtu asiye na shamba hutafuta malisho palipo pa wote, nako ni kando ya barabara, kando ya reli, na kingo za mito. Mbuzi huachwa wajitafutie. Ng'ombe hukatiwa mabingobingo, ambayo wengine huyaita majani ya nepia, nayo hustawi sana penye maji machafu. Karibu na Pipeline hupita Mto Ngong, ambao hufika hapo baada ya kupita Kibera, Eneo la Viwanda na Mukuru, na kila mahali hupokea kitu. Mbele kidogo huungana na Mto Nairobi, kisha maji yao huingia Mto Athi, ambao huitwa Galana na Sabaki kabla ya kumwagika katika bahari karibu na Malindi.

Madini mazito hayana tabia moja. Risasi haipandi sana kupitia mizizi. Mara nyingi hukaa juu ya jani kama vumbi, au humezwa na mnyama pamoja na udongo ulioshika shinani. Kadimi, itokayo katika betri ndogo na rangi za viwandani, hupenya katika mzizi na kupanda hata kwenye jani, wala kuliosha jani hakuiondoi. Ikishaingia katika figo hukaa humo miaka mingi.

Ng'ombe naye ana ulimi usiochagua. Hulamba rangi ya ukuta, hulamba mafuta machafu ya gari, na akikuta bamba la betri kuukuu lililovunjika hulilamba, pengine akalimeza. Kipande hicho, kwa uzito wake, huanguka katika tumbo la pili na kutulia humo, kikimumunyuka kidogo kidogo. Baada ya siku kadhaa ng'ombe huacha kula, husaga meno, haoni njia, husukuma kichwa ukutani kama atakaye kuubomoa. Watu husema amerogwa, au ana kichaa. Ndama huumia upesi zaidi, kwa sababu mwili mchanga hufyonza risasi nyingi kuliko mwili uliokomaa. Lakini yule afaye mbele ya macho ya mwenyewe si yeye anitiaye hofu. Ninamhofia zaidi ng'ombe alaye kidogo kidogo kila siku, anawiri, akamuliwe. Risasi yake hujiweka mifupani, inini na figoni. Kiasi kiingiacho katika maziwa ni kidogo kuliko hicho. Hata hivyo, wakati wa kukamuliwa mwili huchota chokaa mifupani ili utengeneze maziwa, na risasi ya zamani hutoka pamoja na chokaa hiyo, ikarudi katika damu.

Huenda ukadhani haya ni maradhi ya miji maskini. Mwaka 1989, Uholanzi na Uingereza, nchi zenye wakaguzi na mizani za kila aina, ng'ombe wa maziwa walianza kuugua na kufa. Ilipochunguzwa, chanzo kilionekana kuwa pumba za mpunga kutoka Burma, zilizochanganyika na risasi na kisha kutiwa katika chakula cha mifugo. Maziwa ya mashamba mengi yalizuiwa yasiuzwe. Pumba ni kitu tukijuacho sote. Hakuna gunia lisemalo limelala juu ya nini lilipokuwa safarini.

Sasa turudi kwetu. Kaskazini ya Pipeline kuna Dandora, na katika Dandora kuna jaa kuu la Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1975 kando ya Mto Nairobi. Mbuzi na nguruwe hula juu yake, na mabaki ya vyakula hukusanywa humo kwa ajili ya mifugo. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 waliokaa karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na risasi katika damu iliyofikia au kupita kiwango kilichokubaliwa wakati ule. Hakuna awezaye kupima ni kiasi gani kilitoka katika moshi, ni kiasi gani katika vumbi, na ni kiasi gani katika kikombe. Mtoto hakupewa risasi kwa njia moja.

Na katika mwanzo wa bomba, Mombasa, mambo hayakuwa mema zaidi. Katika kijiji cha Owino Uhuru, baina ya mwaka 2007 na 2014, kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu ili kutoa risasi yake. Watoto waliugua. Mama mmoja aliyekuwa ameajiriwa hapo, Phyllis Omido, aligundua kwamba damu ya mwanawe ilikuwa na risasi, akasimama kuwatetea wanakijiji. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, shauri likapanda ngazi, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu hiyo.

Kenya iliacha petroli yenye risasi mwisho wa mwaka 2005. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Kwa hiyo, kwa miaka 27 hivi bomba lililoupa mtaa jina lilileta Nairobi petroli ya namna ile, halileti tena. Lakini risasi haiozi kama jani wala haichukuliwi na upepo kama harufu. Iliyoanguka mwaka 1980 kando ya barabara, kama udongo wake haujachimbwa na kuhamishwa, ingali pale pale, katika tabaka la juu, kina cha kidole.

Katika Pipeline yenyewe pamebaki nafasi ndogo ya zizi, maana ghorofa zimekula uwanja. Maziwa ya asubuhi huletwa kutoka mbali, yakamiminwa katika chupa ya mnunuzi kwa kipimo cha kikombe. Lakini kando ya barabara kuu za Eastlands bado utamwona mtu ameinama na mundu alfajiri, kabla magari hayajawa mengi, akikata majani na kuyafunga matita. Ukimwuliza anayapeleka wapi, atakuambia ana mteja mwenye ng'ombe watatu.