Soseji Iliyopasuka na Achari ya Mama

Hapa Rwamwanja, soseji ikipasuka kwenye karai tunaipunguzia bei. Wateja wa kibanda chetu ni hodari wa kuchagua. Wanainama, wanachungulia mafuta, wananyoosha kidole: "Nipe ile nzima." Iliyopasuka inakaa mpaka jioni, halafu tunaila wenyewe, mimi na mdogo wangu.

Kwa hiyo mwaka jana nilicheka sana dada yetu mkubwa aliponitumia sauti kwa simu kutoka New Jersey, Marekani, alikopelekwa na watoto wake kwa mpango wa makazi mapya. "Mdogo wangu, huku kuna mahali watu wanapanga foleni kwa ajili ya soseji iliyopasuka. Isipopasuka, siyo yenyewe!" Halafu sauti yake ikashuka: "Na juu yake wanaweka achari ya mashu. Nimeionja, nikamkumbuka Mama." Mashu ndiyo kabichi, kwetu sisi wa Goma.

Nikaanza kusoma usiku kwenye simu, bando likiwa rahisi. Na kwa kuwa jarida letu limeomba insha za historia, naleta ya soseji. Msinicheke. Za vita tunazo za kutosha.

Kwanza, soseji yenyewe ni mhamiaji. Majina yake mawili ya zamani huko Marekani, frankfurter na wiener, yanataja miji ilikotoka: Frankfurt ya Ujerumani, na Vienna ya Austria, ambayo wenyewe wanaiita Wien. Mjerumani mmoja aliyehamia New York, Charles Feltman, aliiuza ndani ya mkate huko Coney Island, ufukweni, katika karne ya 19. Alianza na mkokoteni, akaishia na mkahawa mkubwa. Kijana wa Kiyahudi kutoka Poland, Nathan Handwerker, alifanya kazi katika mkahawa huo. Mwaka 1916 kijana huyo na mke wake, Ida, wakafungua kibanda chao hapo hapo jirani. Mkahawa wa Feltman uliuza kwa senti 10, wao wakauza kwa senti 5. Hotidogi ambayo leo ulimwengu mzima unasema ni chakula cha Kimarekani ilijengwa na watu waliofika na lafudhi ya kwao.

Ng'ambo ya mto Hudson, New Jersey, ndiko ilikoingizwa kwenye mafuta mengi. Katika mji wa Paterson, Wagiriki waliohamia huko walikuwa wakiuza soseji za kukaangwa katika miaka ya 1920, juu yake mchuzi wa nyama, haradali na kitunguu. Waliipa jina la Texas, ingawa Texas iko mbali kabisa. Mjini Newark, familia moja ya Kiitalia ilianza mwaka 1932 kuijaza kwenye mkate wao wa mviringo pamoja na viazi na pilipili hoho.

Kati ya Paterson na Newark upo mji wa Clifton. Hapo, mwaka 1928, Royal Rutt, aliyeitwa Abe, na mke wake, Anna, walifungua kibanda kando ya barabara. Kinaitwa Rutt's Hut, na ndipo dada alipopanga foleni. Soseji ya nyama ya ng'ombe na nguruwe inatumbukizwa kwenye mafuta ya moto mpaka ngozi inachanika. Wanaiita ripper, yaani mpasukaji. Ukiitaka laini, unaagiza ile ya kuingia na kutoka. Ukiitaka imekauka hasa, wanayo iliyopewa jina la tanuru la kuchomea maiti! Wateja wanalitamka kwa furaha, kama sisi tunavyoagiza chai ya rangi.

Nikajiuliza: kwa nini hupasuka kwa urefu, na siyo kukatika katikati? Mimi ninayekaanga kila siku sikuwahi kufikiri. Kumbe maji yaliyomo ndani ya nyama yanageuka mvuke, mvuke unasukuma ngozi pande zote, na katika kitu chenye umbo la bomba mkazo unaozunguka tumbo ni mara mbili ya ule unaovuta ncha. Ngozi lazima ishindwe kwenye tumbo kwanza. Hapo palipochanika mafuta yanaingia, kingo zinakauka na kuwa kahawia, na achari inapata mahali pa kukaa. Kitu ninachokiuza kwa bei ya hasara, mwenzangu wa Clifton alikiona ni mfereji wa achari.

Sasa achari. Ile ya Clifton ni ya njano, ina haradali, kabichi, karoti na kitunguu. Neno achari lenyewe limesafiri: linatamkwa karibu hivyo hivyo kwa Kihindi na Kiajemi, na lilitufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi. Waingereza nao waliipenda achari ya India, wakaiiga kwa mboga zao wenyewe, haradali na manjano, tangu karne ya 18. Ukiitazama ile ya Clifton utasema ni ndugu yake. Namna inavyotengenezwa ni siri ya nyumba, wanaitunza mpaka leo.

Hapo kwenye neno siri ndipo nilipokwama.

Mama yetu ana achari yake. Mashu, karoti, kitunguu, manjano, siki, pilipili, na vitu viwili ambavyo sitavitaja. Goma aliiuza pamoja na samaki. Mwaka 2012 tulipokimbilia Uganda kupitia Bunagana alibeba mtoto mgongoni, sufuria kichwani, na kikombe cha plastiki cha kijani ambacho ndicho kipimo chake. Ardhi hii ilikuwa imefunguliwa tena kwa ajili yetu mwaka huo huo. Tulipata kiwanja, tukapata turubai, na baada ya miezi kadhaa Mama akapata kabichi.

Miaka mitatu iliyopita alikuja afisa wa shirika moja, mtu mwema, na daftari. Walitaka kukusanya mapishi ya wakimbizi kwa mafunzo ya biashara, na waliahidi posho kidogo kwa kila mwenye pishi. Mama akamkaribisha, akampa achari ale, akamshukuru, na hakusema hata kiungo kimoja.

Nilimkasirikia. Mgao ulikuwa umepunguzwa, tulikuwa tunahesabu vikombe vya unga. Nikamwambia, "Mama, ni kabichi tu!"

Akanijibu taratibu: "Mtoto wangu, jina langu wanalo. Vidole vyangu wanavyo, picha ya macho yangu wanayo. Hii niachie."

Sikumwelewa. Nilimwelewa usiku ule nikisoma habari za Clifton, ambako watu wanaona ni jambo la heshima kabisa nyumba kutunza siri ya achari. Hakuna anayewaambia kwamba ni wabishi.

Lakini kuna jambo lingine nililoliona humo humo, na hili nalisema kwa Mama pia. Jina la Abe na la Anna limebaki kwa sababu walikuwa na mlango, na juu ya mlango jina. Niliposoma sikukutana na hata jina moja la waliosimama nyuma wakikata kabichi miaka yote hiyo. Historia ya chakula humkumbuka mwenye kibao. Mama hana kibao. Ana kikombe cha kijani, na macho yake yameanza kushindwa. Siku hizi ananiomba nimsomee ujumbe wa dada. Siri yake isipopata mrithi, itazikwa naye hapa Rwamwanja.

Nilimweleza hivyo, bila hasira safari hii. Alikaa kimya mpaka makaa yakafa. Asubuhi akaniita kabla ya kufungua kibanda, akaweka kikombe mbele yangu. "Osha mikono. Usiandike kwanza. Tazama."

Nimetazama mara nne. Mara ya tano nilifanya mwenyewe, akaonja, akasema siki imezidi. Sasa nimeandika, nakala mbili: moja iko kwenye sanduku letu, nyingine amesomewa dada kwa simu, naye akalia. Hapa sitaichapisha, mtanisamehe, hata nyinyi maafisa wetu mnaotusoma. Mkitaka kuionja, njooni kibandani. Na soseji iliyopasuka siipunguzii bei tena. Wateja wamenung'unika wiki mbili. Juzi mmoja akainama juu ya karai, akanyoosha kidole: "Nipe ile yenye mfereji. Na achari ijae."