Penye Wazee Haliharibiki Neno? Mazungumzo ya Asubuhi Barazani Mjini Unguja, kuanzia Enzi ya Masultani hadi Mwaka 2010

1. Utangulizi

Katika Mji Mkongwe wa Unguja na katika mitaa ya Ng'ambo iliyo mashariki yake, siku ya wanaume wazee imezoeleka kuanza kwa utaratibu unaofanana. Sala ya alfajiri ikimalizika, wengi wao hawarudi kulala. Huketi barazani, muuza kahawa akafika na dele lake lililokalia makaa, vikombe vidogo vikajazwa kahawa chungu, na maneno yakaanza: fulani ameamkaje, fulani mbona hakuonekana msikitini, nani amefikwa na msiba, samaki wa jana waliuzwaje sokoni. Kwa mpita njia, hizo ni soga tu.

Insha hii inachunguza historia ya soga hizo. Watafiti wa historia ya Zanzibar wameshughulikia kwa kina biashara ya karafuu, utumwa, utawala wa kikoloni na Mapinduzi ya mwaka 1964. Baraza nalo limepata watafiti wake, miongoni mwao Roman Loimeier, ambao wameliangalia hasa kama uwanja wa elimu, habari na siasa. Mazungumzo yasiyo na ajenda, yale ya kujuliana hali kila asubuhi, yamepewa nafasi ndogo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mazungumzo hayo yalikuwa asasi yenye kazi maalumu, na kwamba utulivu wake haukuwa tabia ya kuzaliwa nayo ya watu wa mwambao bali adabu iliyohitaji kulindwa, ambayo kwa nyakati fulani ilishindwa kulindwa. Methali isemayo kwamba penye wazee haliharibiki neno inachukuliwa katika insha hii kama dai la kupimwa na historia.

2. Tatizo la Ushahidi

Ugumu wa kwanza wa mada hii ni kwamba soga haiachi nyaraka. Utawala wa Himaya ya Uingereza, uliowekwa mwaka 1890, uliandika kodi, hati za ardhi na kesi za mahakamani. Haukuandika nani alimjulia nani hali. Kwa sababu hiyo, mtafiti analazimika kutegemea ushahidi wa aina nyingine, na aina tatu zina uzito zaidi.

Ya kwanza ni majengo. Baraza, kwa maana yake ya asili katika miji ya mwambao, ni kiti kirefu cha mawe na chokaa kilichojengwa kikashikana na ukuta wa mbele wa nyumba, aghalabu pande zote mbili za mlango. Kiti hicho si ndani wala si nje. Mwenye nyumba hupokea hapo mgeni asiyestahiki kuingia uani, na mpita njia huweza kukaa pasipo kuonekana kuwa ameingilia faragha ya watu. Kuenea kwa viti hivyo mbele ya nyumba za Unguja, Lamu na Mombasa ni ushahidi kwamba kukaa na kuzungumza mbele ya nyumba lilikuwa jambo lililofikiriwa tangu nyumba inajengwa.

Aina ya pili ni lugha yenyewe. Kitenzi “kuamkia”, chenye maana ya kutoa salamu, kimetokana na “kuamka”. Asili ya neno inaonesha kwamba salamu, katika fikra ya Kiswahili, imefungamana na kuulizana jinsi mtu alivyotoka usingizini. Kiarabu kiliongeza “kusabahi” na “sabalkheri”, maneno ambayo nayo yamebeba asubuhi ndani yake. Msemo “mazungumzo baada ya habari” unakamilisha utaratibu huo: hali ya mtu hutangulia, hoja hufuata.

Aina ya tatu ni maandishi machache ya watu waliokuwa karibu. Muhimu zaidi kati ya hayo ni kumbukumbu za Emily Ruete, aliyezaliwa Sayyida Salme binti Said mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, akaondoka Zanzibar mwaka 1866, na kitabu chake kikachapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Ruete anaeleza baraza la baba yake, Sultan Said bin Sultan, ambapo wakuu, kadhi na watu wenye shida walifika mbele ya mtawala.

3. Kutoka Kasri hadi Kichochoroni

Maelezo ya Ruete yanaonesha kwamba katika karne ya 19 neno “baraza” lilikwishakuwa na maana mbili: mahali pa kukaa na mkutano wa wanaokaa. Katika kasri, mkutano huo ulipangwa kwa cheo. Aliyekaa karibu na mtawala alijulikana kwa ukaribu huo, na aliyesimama alijulikana kwa kusimama kwake.

Baraza la mtaani lilirithi sehemu ya adabu hiyo na kugeuza sehemu nyingine. Mzee mwenye umri mkubwa au elimu ya dini alipishwa mahali pazuri, na kijana alitangulia kutoa shikamoo. Lakini baina ya watu wa hirimu moja, salamu ilikuwa ya usawa: sabalkheri hujibiwa kwa sabalkheri, bila upande mmoja kujinyenyekeza. Tofauti hiyo ni ya msingi. Shikamoo, ambayo kwa kawaida huelezwa kuwa ilitokana na “nashika miguu”, hupanga watu juu na chini. Sabalkheri huwaweka wazee kwenye kiti kimoja. Katika jamii ambayo hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1897 tu, kukaa kiti kimoja halikuwa jambo dogo.

Wakati huohuo neno liliendelea kupanda ngazi za dola. Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar lilianzishwa mwaka 1926, na Baraza la Wawakilishi mwaka 1980. Kwamba vyombo hivyo vilipewa jina la kiti cha mawe ni ishara kuwa mfano wa mashauriano uliokuwa wazi akilini mwa wasemaji wa Kiswahili ni ule wa watu walioketi pamoja.

4. Kazi ya Maneno Yasiyo na Ajenda

Mazungumzo ya asubuhi ya wazee yana sehemu zinazojirudia. Huanza na hali ya mwili: magoti, macho, usingizi uliokatika usiku. Hufuata habari za waliokosekana, kisha misiba na maziko ya siku hiyo, kisha bei za vitu na hali ya bahari, na mwisho utani. Anayeyasikiliza siku moja huona marudio matupu. Anayeyasikiliza mwaka mzima huona kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kuhesabiana. Mzee anayefika kila siku huwa ameweka mahudhurio yasiyoandikwa. Siku asipofika, kutokuwapo kwake huwa habari, na kabla ya adhuhuri mtu huwa amekwenda kubisha hodi. Kwa wazee waliofiwa na wake zao, au ambao watoto wao wanaishi mbali, utaratibu huo ulikuwa kinga dhidi ya kuugua au kufa peke yao. Kazi ya pili ni kupeleka habari ya msiba. Maziko ya Kiislamu hufanywa haraka, na baraza la alfajiri lilikuwa njia nyepesi ya kuhakikisha kwamba jeneza halikosi wachukuzi. Kazi ya tatu ni kupunguza uzito wa uzee. Mtu anayelalamika kuhusu goti lake mbele ya wenzake watano wenye magoti yanayouma hujibiwa kwa utani, na utani huo humrudisha katika hesabu ya walio hai.

Hapa ndipo kahawa inapopata umuhimu wake. Kikombe ni kidogo na hunywewa kwa mafunda machache. Bei yake imekuwa ya chini kiasi cha kuwawezesha hata wasio na kipato kulipiana. Aliyelipa leo hulipiwa kesho. Kinachobadilishwa ni zamu, na zamu humlazimisha mtu kurudi.

5. Waliokuwa Nje ya Kiti

Sifa za baraza hazipaswi kuficha mipaka yake. Baraza la mtaani lilikuwa la wanaume. Wanawake walikuwa na mazungumzo yao uani, kisimani, jikoni na katika shughuli za arusi na misiba, na mazungumzo hayo yalifanya kazi ileile ya kujuliana hali, bila heshima ya kuitwa baraza. Utafiti wa Laura Fair kuhusu Zanzibar ya baada ya utumwa umeonesha jinsi nyimbo za Siti binti Saad, aliyerekodiwa na kampuni ya gramafoni huko Bombay mwaka 1928, zilivyobeba mambo yaliyozungumzwa mitaani. Siti aliingiza sauti ya mwanamke katika masikio ya wanaume waliokuwa barazani, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na mahali pa kuketi katika kiti hicho.

6. Neno Lilipoharibika: 1957–1964

Kipimo kikali zaidi cha methali iliyotajwa katika utangulizi ni kipindi ambacho Wazanzibari hukiita Zama za Siasa. Chama cha Hizbu kiliundwa mwaka 1955, na Afro-Shirazi mwaka 1957. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957, wiki chache baada ya BBC kuanza matangazo yake ya Kiswahili tarehe 27 Juni mwaka huohuo. Redio ya Cairo nayo ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1954. Baraza lililozoea kuanza na hali ya mtu na kumalizia na habari za dunia lilijikuta habari za dunia zinatangulia.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Baada ya uchaguzi wa 1957, wafuasi wa vyama waligomeana dukani, kwenye mabasi na hata katika maziko. Mgomo wa maziko unastahili kuzingatiwa, kwa kuwa uligusa ile kazi ya pili iliyoelezwa hapo juu. Mahali ambapo habari ya msiba ilikuwa mali ya mtaa mzima, sasa iliulizwa kwanza marehemu alikuwa wa chama gani. Ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 ziliua watu 68. Haiwezi kusemwa kwamba wazee hawakuwapo. Walikuwapo, na neno liliharibika mbele yao; wengine walishiriki kuliharibu.

Kosa la baadhi ya masimulizi ya kutamani zamani ni kudai kwamba baraza lilikuwa juu ya siasa hadi wanasiasa walipolivamia. Ushahidi unaelekeza kwingine. Asasi iliyojengwa juu ya swali la “umeamkaje?” huvunjika pale ambapo jibu la swali hilo halimhusu tena anayeuliza. Hilo lilitokea ndani ya mitaa yenyewe, baina ya watu waliojuana majina ya watoto wao.

7. Baada ya Mapinduzi

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalibadilisha walioketi. Baadhi ya wazee waliuawa, wengine walikimbilia Tanzania Bara, Kenya, Uingereza na nchi za Ghuba. Baada ya Sultan Qaboos kutwaa madaraka Oman mwaka 1970, wengi wenye asili ya huko walihamia Muscat, ambako Kiswahili kimeendelea kusikika. Kwa waliobaki, hofu ya kusikilizwa ilirudisha mazungumzo kwenye mambo salama: maradhi, mpira, zamani za mbali. Katika hali hiyo, soga isiyo na maana ilipata maana mpya. Kuzungumzia goti pekee kulikuwa namna ya kubaki pamoja bila kumhatarisha jirani.

Majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, hayakuwa na mlango wa kila familia unaotazama kichochoro. Hata hivyo wakaazi waliendelea kukaa chini ya majumba hayo, jambo linaloonesha kwamba desturi ya kuketi ilidumu hata pale kiti cha mawe kilipokosekana.

Kurudi kwa vyama vingi mwaka 1992 kuligawa tena viti. Maskani ya Kisonge, Michenzani, ilijulikana kwa wafuasi wa CCM, na Jaws Corner, mahali palipopata jina lake kutokana na filamu ya mwaka 1975, ilijulikana kwa wafuasi wa CUF. Maridhiano ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, iliyoidhinisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yalitoa nafasi ya watu kukaa pamoja upya. Makubaliano hayo yalifikiwa na viongozi. Thamani yake ilipimwa kichochoroni, kwa kuangalia nani anamsabahi nani.

8. Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba mazungumzo ya asubuhi ya wazee wa Unguja yalikuwa na kazi ya kuhesabiana, kupashana habari ya msiba na kupunguziana mzigo wa uzee; kwamba usawa wake ulikuwa wa watu wa hirimu na jinsia moja; na kwamba yalivunjika siasa ilipoitangulia hali ya mtu. Methali, kwa hiyo, haithibitiki ikichukuliwa kama maelezo ya mambo yalivyokuwa. Inasimama ikichukuliwa kama sharti: neno haliharibiki pale ambapo wazee wanaendelea kuulizana walivyoamka na kusubiri jibu. Historia ya Zanzibar ya karne ya 20 ina kumbukumbu nyingi za mikutano ya hadhara. Dalili za mapema za migawanyiko yake, pamoja na dalili za kupona kwake, huenda zikapatikana zaidi kwenye kiti cha mawe, saa kumi na mbili asubuhi, katika salamu iliyotolewa au iliyonyimwa.