NANI ALIPWE?

Leo napenda twende pamoja kwanza katika mtaa wa Kibokoni, hapa kisiwani Mombasa, kisha tuifungue Torati ya Musa.

Aijuaye Kibokoni ajua jinsi vichochoro vya Mji wa Kale vilivyo vyembamba. Nyumba zimekaribiana, baraza zimetokea njiani, na mkokoteni ukipita, mwenye kapu kichwani hana budi kujibanza ukutani. Mahali kama hapo, hata wenye nia njema huvunjiana vitu na kuumizana. Ndipo watu huuliza: Nani alipe? Hilo ni swali zuri. Lakini lina ndugu yake ambaye husahauliwa mara nyingi, naye ni hili: Nani alipwe?

Torati ililijibu swali la kwanza mapema sana. Someni nyumbani Kutoka sura ya 21 na ya 22. Mtaona ng'ombe apigaye kwa pembe, shimo lililoachwa wazi, mnyama aliyelishwa katika shamba la mwingine, na moto ulioteketeza nafaka. Ng'ombe akimwua ng'ombe wa jirani kwa mara ya kwanza, hasara hugawanywa kati ya wawili. Lakini kama mwenyewe alijua tangu zamani kwamba ng'ombe wake ni mkali, wala hakumzuia, hulipa yote. Kutokukusudia hakumtoshi mtu aliyejua hatari akanyamaza.

Baadaye, yapata mwaka 200 baada ya Kristo, Rabi Yuda aliyeitwa Mkuu alikusanya mafundisho ya walimu wa Kiyahudi katika kitabu kiitwacho Mishna. Sehemu moja yake huitwa Lango la Kwanza, nayo yahusu mambo ya hasara. Ukiisoma, utadhani walimu wale waliwahi kupita Kibokoni. Wasema hivi: watu wawili wapita njiani, mmoja amechukua mtungi, mwingine amechukua boriti. Mtungi ukigonga boriti ukavunjika, hakuna alipaye, maana wote wawili wana haki ya njia. Lakini mwenye boriti akitangulia, kisha akasimama ghafula pasipo kumwonya wa nyuma, yeye hulipa. Tena, ngamia aliyepakiwa kitani apita sokoni, kitani chaingia dukani, chashika moto kwenye taa, na nyumba yaungua. Mwenye ngamia hulipa. Lakini kama mwenye duka aliiweka taa yake nje njiani, basi deni ni la mwenye duka.

Katika hayo yote walimu waliweka neno moja zito. Mnyama aweza kuhesabiwa kuwa hakuonywa bado, lakini mwanadamu amekwisha kuonywa siku zote, akikosea au akikusudia, akiwa macho au akiwa usingizini. Akimpofusha mwenzake jicho, au akivunja vyombo vyake, atalipa hasara yote. Kusema "Sikukusudia" hakurudishi jicho la mtu.

Na mtu akimjeruhi mwenzake, walimu walihesabu malipo matano: hasara ya mwili, maumivu, matibabu, siku za kazi zilizopotea, na aibu. Hapa ndipo makusudi yalipotenganishwa na bahati mbaya. Aliyeanguka kutoka darini akamwangukia mtu, hulipa hasara, lakini halipi aibu. Aibu hulipwa na yule tu aliyekusudia.

Wasimulia kwamba mtu mmoja alimfunua mwanamke kichwa chake sokoni. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa uzito wa tendo hilo. Rabi Akiva akamtoza zuzi 400, nazo zilikuwa fedha nyingi. Yule mtu akaenda kumvizia mwanamke, akavunja mbele yake kichupa cha mafuta ya thamani ndogo. Mwanamke akajifunua mwenyewe, akayazoa mafuta kwa mkono ajipake nywele. Mshtakiwa akarudi na mashahidi: "Mwanamke wa namna hii nimlipe zuzi 400?" Rabi Akiva akamjibu kwamba hajasema kitu, mtu akijidhuru mwenyewe, ingawa hana ruhusa, halipi, bali wengine wakimdhuru hulipa. Naye alifundisha kwamba hata maskini kabisa katika Israeli ahesabiwe kuwa mtu huru aliyepotewa na mali, kwa kuwa ni mtoto wa Ibrahimu. Umaskini wa mtu haupunguzi heshima yake.

Sasa, ndugu msikilizaji, tuondoke katika Mishna turudi pwani yetu.

Mwaka 1846 wamisionari Krapf na Rebmann walifungua kituo Rabai, bara, nyuma ya kisiwa hiki. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba, lakini aliyekuwa mtumwa alibaki mtumwa. Katika mashamba ya pwani, na katika mji wa Mombasa, ambao siku hizo ulikuwa ndio huu tunaouita Mji wa Kale, watumwa waliendelea kulima na kubeba mizigo. Wengine wakatoroka, wakakimbilia Rabai. Huko walimkuta Mchungaji William Jones, Mwafrika ambaye mwenyewe alitekwa utumwani utotoni, akakombolewa, akasomeshwa India. Misheni ilikuwa na amri ya kutowapokea watoro, kwa kuogopa ugomvi. Hata hivyo waliendelea kuja, wakajenga, wakalima.

Mwaka 1888 mabwana wa Mombasa walikuja juu. Wakasema, "Mali yetu imepotea, na misheni imeificha." Kwa sheria walizozijua walikuwa na madai kamili: kitu kimepotea, mwenye kitu alipwe. George Mackenzie, mkuu wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, aliona kwamba damu yaweza kumwagika. Akafanya mapatano: mabwana walipwe fedha, watoro wapewe hati za uhuru. Tarehe 1 Januari 1889 hati ziligawiwa Rabai. Waliopata uhuru, pamoja na wale wa vituo vya jirani, walikuwa zaidi ya 1,400.

Ilikuwa siku ya furaha, wala hatuidharau. Watoto wengi walizaliwa huru kwa sababu ya siku ile. Lakini hebu tuichukue hesabu ya malipo matano tuiweke mbele ya siku ile. Hasara ya mwili: ni nani aliyeilipa? Maumivu ya fimbo? Matibabu? Miaka ya kazi bila ujira? Aibu ya kuuzwa kama mbuzi? Mwenye jeraha alipewa karatasi, naye mwenye fimbo akapewa fedha. Haikuwa Mombasa tu. Uingereza ilipokomesha utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya mwaka 1833, ilitenga paundi milioni 20 kwa ajili ya mabwana. Unguja mwaka 1897 ilikuwa vivyo hivyo, na pwani ya Kenya mwaka 1907 vivyo hivyo. Swali la kwanza lilijibiwa vizuri: walipaji walipatikana. Swali la pili lilijibiwa kinyume.

Tuseme kweli: Torati yenyewe iliujua utumwa. Ng'ombe akimwua mtumwa, bwana wake alilipwa shekeli 30 za fedha. Lakini katika sura ile ile imeamriwa kwamba bwana akimharibu mtumwa wake jicho, au akimng'oa jino, amwache huru kwa ajili ya jicho lake au jino lake. Hapo aliyeumizwa ndiye anayepokea. Kumbukumbu la Torati 23 yakataza kumrudisha mtumwa aliyekimbia kwa bwana wake. Na sura ya 15 yaagiza kwamba ndugu Mwebrania akiachwa huru, asitoke mikono mitupu, bali apewe katika kundi, katika nafaka na katika divai. Mackenzie na misheni walikuwa na Biblia hiyo hiyo.

Labda mtu atasema, "Hayo yamepita, wala si sisi tuliotenda." Ni kweli, na nabii Ezekieli asema katika sura ya 18 kwamba mwana hatachukua uovu wa baba yake. Lakini lipo deni moja ambalo hatukurithi. Tunalifanya wenyewe, tena kwa kusudi. Posa inapoletwa, mtu hunong'ona, "Hao ni wazao wa watumwa." Kwenye ugomvi wa kisima au wa mpaka, neno hilo hutolewa kama kisu. Hata katika makanisa yetu limesikika. Kumbukeni kwamba aibu hulipwa na aliyekusudia. Anayelitamka neno hilo leo hakuanguka kutoka darini.

Liko na jambo la nyumbani mwetu. Msichana wa kazi akivunja sahani, tunakata mshahara wake. Mafuta yetu yakimchoma mkono, tunampa pole. Talmudi ya Babeli yasimulia kwamba mahamali walivunja pipa la divai la mwanazuoni mmoja, naye akachukua nguo zao. Mwalimu aitwaye Rav akamwamuru awarudishie. Mahamali wakasema, "Sisi ni maskini, tumefanya kazi mchana kutwa, tuna njaa." Rav akasema, "Wape na ujira wao." Yule mtu akauliza kama hiyo ndiyo sheria. Rav akajibu kwamba ndiyo, akimwonyesha Mithali 2:20, inayotuita kwenda katika njia ya watu wema. Rav alitazama ni nani pale aliyeumia zaidi.

Malipo peke yake nayo hayamalizi kazi. Mishna yasema kwamba hata mtu akilipa yote, hasamehewi mpaka amwombe msamaha yule aliyemdhuru. Hesabu sura ya 5 yataka mkosaji aungame, alipe, aongeze sehemu ya tano, na kumpa yule aliyemkosea. Naye Bwana Yesu atuambia katika Mathayo 5 tuiache sadaka mbele ya madhabahu, twende kwanza tukapatane na ndugu.

Tena, wapendwa, zikumbukeni zile shekeli 30. Bwana wetu aliuzwa kwa vipande 30 vya fedha, bei ya mtumwa aliyeuawa na ng'ombe. Fedha zile hazikuingia mkononi mwake. Yeye ajua maana ya kuumizwa, kisha mwingine akapokea malipo. Juma hili, kila mmoja wetu na amtafute mtu mmoja anayemdai, wa nyumbani au wa mtaani, ampelekee kilicho chake, na neno la kuomba msamaha pamoja nacho.

Tuombe. Ee Bwana, utuonyeshe tuliowaumiza kwa kutojua, na tuliowaumiza kwa kusudi. Utupe mikono ya kulipa na kinywa cha kuungama, tuwatazame ndugu zetu wote kama watoto walio huru nyumbani mwako. Amina.