Logi za seva kutoka Koboko hadi Arua: programu ipi ya kuzisafirisha?

Kampuni ya uwakala wa forodha yenye ofisi kuu Arua na tawi Koboko huwa na seva kila upande. Seva huandika logi, yaani daftari la nani aliingia, hati gani ilitumwa na saa ngapi. Mteja akidai lori lake lilikwama Oraba kwa sababu hati zilichelewa, shahidi ni daftari hilo. Likibaki Koboko peke yake na diski ikiharibika, kesi imekwisha. Ndiyo maana nakala hukusanywa Arua.

Bei si tatizo, kwani programu nyingi za kazi hii ni za bure. Cha kuuliza ni kwamba mtandao ukikatika, programu hufanya nini? Syslog ya zamani hutuma kwa UDP bila kungoja jibu, na kilichopotea njiani hakirudi. TCP ni afadhali, lakini kama hakuna foleni kwenye diski, umeme ukizimika logi zilizokuwa zikingoja hupotea.

Rsyslog, iliyoanza 2004, huja pamoja na Linux nyingi na ni nyepesi. Foleni ya diski inayo, ila fundi lazima aiwashe mwenyewe, na wengi husahau. Fluent Bit ya 2015 inafaa mashine ndogo, nayo pia huhitaji kuwashiwa akiba ya diski. Filebeat hukumbuka ilipoishia kusoma faili na kuendelea mtandao ukirudi. Faili likifutwa kabla ya hapo, basi. Logstash hutumia Java na ni nzito, hivyo ikae Arua kupokea. Kwa tawi lenye seva moja ya Linux, rsyslog yatosha.

Mpakani kuna mtego mwingine. Uganda hutumia UTC+3. Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma hadi UTC+2 tarehe 1 Februari 2021, na Aru, ng'ambo ya Vurra upande wa Kongo, ni UTC+2 vilevile. Mfumo wa zamani wa syslog hauandiki mwaka wala ukanda wa saa, kwa hiyo kompyuta iliyowekwa saa ya Kaya itaonyesha hati ilitumwa saa moja kabla. Mfumo wa RFC 5424, wa 2009, huandika vyote viwili. Seva zote ziwekwe UTC na zipate saa kwa NTP.

Logi zenye majina na simu za madereva zisafiri kwa TLS. Uganda ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019.

Kabla ya kumlipa fundi, kebo ya mtandao ichomolewe Koboko kwa siku nzima, seva izimwe na kuwashwa katikati, kisha mistari ihesabiwe pande zote mbili. Arua ikizidi kidogo, ni marudio. Ikipungua, fundi arudi kazini.